Skuta ndogo kwenye barabara za mlima: mwongozo wa kuchagua na kuendesha kwa wakazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

"Itapanda?" Hilo ndilo swali la kwanza la kila anayetaka kuachana na kugombania daladala asubuhi. Yanayofuata: "Kwa kuwa haina gia, leseni ya nini?" "Injini ya 50 itatubeba mimi na mama watoto?" "Mbona yangu haiwaki kukiwa na baridi?" Majibu mengi utakayopewa yametoka kwa watu wa Dar es Salaam, ambako barabara ni tambarare na baridi haipo. Skuta iliyomfaa mtu wa Sinza inaweza kukutesa kwenye mlima wa Ipogolo, Iringa.

Shika jambo moja kabla hujaangalia rangi wala bei: huku nyanda za juu, skuta huchaguliwa kwa mlima mkali kuliko yote kwenye njia yako ya kila siku, na kwa breki za kuushukia mlima huohuo.

Je, kweli itakupunguzia gharama? Piga hesabu mwenyewe. Chukua kilomita za kwenda na kurudi, zidisha kwa siku unazotoka. Mtu wa kilomita 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anatembea kilomita 520. Skuta ya cc 110 au 125 (ndio ukubwa wa injini) iliyo nzima hula lita moja kwa kilomita 40 hadi 50 hivi. Kwa milima yetu tumia 40. Hapo ni lita 13 kwa mwezi. Zidisha kwa bei kikomo ya petroli ya mji wako, ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha weka pembeni kama theluthi ya fedha hiyo kwa oili, matairi na fundi. Linganisha na nauli. Anayepanda daladala moja tu kwa siku huenda asione faida yoyote. Anayeunganisha daladala na boda, au anayetoka saa ambazo daladala zimekwisha, ataiona mapema.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kofia ngumu mbili, yako na ya abiria, zenye mkanda unaofunga kidevuni. Iliyowahi kuanguka kwenye ajali usiinunue hata ukipewa nusu bei.
- Koti la upepo, glavu, viatu vya kufunika kifundo. Juni na Julai, saa kumi na mbili asubuhi Njombe au Makete, vidole visivyo na glavu havikamati breki vizuri. Glavu huku ni kifaa cha usalama.
- Koti la mvua la vipande viwili. Lile la kuvaa kama joho hupepea na linaweza kunaswa na gurudumu.
- Kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN, na leseni au angalau leseni ya kujifunzia.
- Fundi unayemwamini, ambaye si rafiki wa muuzaji.
- Fedha ya akiba mbali na bei ya skuta. Karibu kila skuta iliyotumika itadai tairi, betri au mkanda wa kuendeshea (unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma) ndani ya miezi michache ya mwanzo.

Kuhusu leseni, kutokuwa na gia hakukuondoi kwenye sheria. Skuta ni pikipiki. Leseni zake ni za kundi A, na ukubwa wa injini ulioandikwa kwenye kadi ndio unaoamua daraja lako, kwa hiyo kitaje kipimo hicho mapema unapojiandikisha chuo cha udereva. Bima ndogo nayo ni lazima. Kama hutabeba abiria wa kulipa, leseni ya usafirishaji ya LATRA haikuhusu.

KUCHAGUA

Hatua ya 1: Pima njia yako

Panda boda siku moja upite njia yako yote, ukiangalia vitu vitatu tu: mlima mkali kuliko yote, kipande kibaya kuliko vyote cha vumbi au tope, na urefu wa kipande utakachopita pamoja na malori. Mtu wa Kihesa anayefanya kazi Miyomboni ana njia nyepesi. Anayetoka Ipogolo kupanda Iringa mjini ana kazi kila asubuhi. Mbeya, anayeishi Uyole na kufanya kazi Mwanjelwa shida yake ni malori zaidi ya mlima, kwa sababu TANZAM ndiyo barabara ya mzigo wa Zambia na Kongo. Anayekaa Isanga au Itiji, chini ya mlima Loleza, atapambana na miteremko ya mitaani yenye mawe.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa wa injini

Nadharia ni hii tu: injini inahitaji hewa, na hewa ya huku ni nyepesi. Kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Mbeya mjini iko kama mita 1,700, Iringa karibu na 1,600, Njombe inazidi hapo. Kwa hiyo skuta iliyoandikwa nguvu za farasi 8 hapa hubaki na kama 6 na nusu, hata ikiwa mpya.

- 50cc: Mtu mmoja, mjini, njia isiyo na mlima wa maana. Nyingi ni mitumba ya Japani, na huko sheria inaziruhusu kilomita 30 tu kwa saa. Mlima wa Ipogolo itaupanda, lakini kwa mwendo ambao gari la nyuma litakupigia honi njia nzima. Abiria sahau.
- 110cc: Mtu mmoja kwa raha, wawili kwa uvumilivu.
- 125cc: Hiki ndicho kipimo ninachowashauri watu wengi wa mikoa hii. Hupanda na abiria, na huweza kwenda na mwendo wa magari ndani ya kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi.
- 150cc na zaidi: Nzuri kwa anayetoka Mbalizi kuja mjini kila siku au anayekwenda Tukuyu mara kwa mara. Ila ni nzito kuisukuma, na spea zake uliza kwanza.

Ukipata yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme badala ya kabureta, na bei ikakuruhusu, ichukue. Mfumo huo hujirekebisha wenyewe kulingana na hewa, ilhali kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani huku humwaga mafuta mengi kupita kiasi: moshi mweusi, plagi yenye masizi, na skuta inayokohoa mlimani. Fundi mzuri anaweza kuipanga upya, lakini inabidi umwambie.

Epuka injini za zamani za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli au zenye tangi dogo la oili pembeni. Zina nguvu nzuri, sibishi. Lakini tangi hilo likikauka bila wewe kujua, injini inanoki palepale, na spea zake zinazidi kuadimika.

Hatua ya 3: Uliza spea kabla ya kuuliza bei

Nenda Mwanjelwa, au kwenye maduka ya spea ya Iringa mjini, ukiwa umeandika jina na modeli ya skuta unayoitaka. Uliza vitu vinne: mkanda wa kuendeshea, breki za nyuma, kebo ya mafuta, na tairi la saizi yake. Skuta nyingi hutumia magurudumu ya inchi 10 au 12, na tairi la boda haliingii. Maduka mawili yakikuambia "tukuagizie Dar", jua kwamba kila ikiharibika utarudi kwenye daladala wiki nzima.

Hatua ya 4: Kagua iliyotumika

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na nenda asubuhi mapema. Shika injini kwa mkono. Ikiwa na joto, kuna jambo linafichwa, kwa kawaida ni ugonjwa wa kutowaka ikiwa baridi, na huo ndio ugonjwa utakaokusumbua kuliko mwingine wowote huku. Kisha:

a) Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwanguliwa au kugongwa upya, ondoka. Usibishane, ondoka tu.

b) Piga kiki taratibu kwa mkono au mguu. Isikie ikikupinga. Kiki inayoshuka kirahisi bila upinzani ni injini iliyochoka.

c) Washa, angalia moshi. Mvuke mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika chache ni baridi tu. Moshi wa bluu usiokwisha kwenye injini ya mipigo minne ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi, mara nyingi tatizo la kabureta, na hilo halinitishi.

d) Ikiwa kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likizunguka polepole injini ikiwa imetulia, sawa. Likizunguka kwa kasi, mngurumo umepandishwa sana au springi za klachi zimelegea.

e) Bana breki ya mbele, sukuma skuta mbele na nyuma. Mlio wa kugonga kwenye usukani ni beringi za shingo. Tikisa kila gurudumu pembeni pia.

f) Simama nyuma yake, mita tano, uone kama magurudumu yote mawili yako kwenye mstari mmoja. Skuta iliyogongwa hupindia upande.

g) Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne ndani ya duara dogo. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani hata likiwa na meno ni gumu, na kwenye lami yenye maji halishiki.

h) Omba kifuniko cha upande wa kushoto kifunguliwe uone mkanda. Nyufa, nyuzi zilizochomoza au ukingo uliolika ni sababu ya kushusha bei. Muuzaji akisema "huu haufunguliwi", mjibu kwamba unafunguliwa kwa spana ya kawaida.

i) Jaribu mlimani, ukiwa na mtu nyuma. Kuzunguka uwanjani hakukuambii kitu. Iringa, shuka Ipogolo upande nayo. Mbeya, panda nayo mtaa mkali kuliko yote wa kwenu. Ikitetemeka wakati wa kuondoka, klachi au mkanda. Ikinguruma sana bila kuongeza mwendo, mkanda unateleza.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni mtu kukagua plastiki. Makava yanayong'aa ni rahisi kubadilisha, na muuzaji mjanja huanza na hayo.

Hatua ya 5: Maliza karatasi kabla ya fedha yote kutoka

Kadi halisi, jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kadi ikiwa na jina la mtu aliyeuza kwa mtu aliyeuza kwa huyu, mwambie alete mwenye jina, au arekebishe kwanza. "Kadi imepotea" haitoshi: kuna taarifa ya upotevu ya polisi na kuna kadi mbadala ya TRA, mwache azifuatilie yeye. Andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi, kisha nenda TRA kuhamisha umiliki mara moja. Ukiiacha kwenye jina la mtu mwingine, madeni na makosa ya trafiki ya zamani yanaweza kukukuta wewe barabarani. Bima pia, hakikisha imesajiliwa kweli kwa kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Karatasi tupu mtu yeyote anaweza kuichapa.

KUENDESHA

Hatua ya 6: Tafuta uwanja

Uwanja wa shule siku ya Jumapili unafaa, ukiomba ruhusa. Anza injini ikiwa imezimwa: isukume ukitembea pembeni yake, ubane breki, uisukume tena. Unajifunza uzito wake. Breki zote mbili ziko mikononi: kulia ya mbele, kushoto ya nyuma. Baadhi ya skuta mpya, breki ya kushoto hubana magurudumu yote mawili kwa pamoja. Aliyezoea baiskeli atazoea haraka. Aliyezoea boda atapata shida kidogo, kwa sababu mguu wake wa kulia utatafuta breki isiyokuwepo na mkono wa kushoto utabana "klachi" na kusimamisha gurudumu la nyuma ghafla. Enyi wa boda, msidharau hatua hii.

Hatua ya 7: Washa kwa utaratibu

Simamisha kwenye stendi kubwa. Bana breki ya kushoto, la sivyo skuta nyingi hazitaitika ukibonyeza swichi. Usizungushe mkono wa mafuta. Skuta nyingi zina choki ya kujiendesha, na ukifungua mafuta ikiwa baridi unaivuruga. Ikiwaka, iache kama dakika moja. Siku za baridi kali tumia kiki kwa kuwasha kwa mara ya kwanza, betri itakushukuru.

ONYO: Skuta haina gia ya kupumzikia. Injini ikiwa inanguruma, mkono wa mafuta ukizungushwa kidogo tu inaruka. Ajali nyingi za wanaoanza hutokea skuta ikiwa imesimama: mtu anaisukuma ikiwa imewashwa, inataka kuanguka, anakaza mkono kuizuia, na kule kukaza ndiko kunakofungua mafuta. Unapoisukuma, izime. Na usiiache ikinguruma mahali wanapocheza watoto.

Hatua ya 8: Kuondoka, kupinda, kusimama

Iteremshe kwenye stendi huku umebana breki. Kaa, miguu chini. Achia breki, zungusha mafuta kidogo kidogo mpaka uhisi klachi inashika. Pandisha miguu kwenye ubao mara inapotembea, usiiburuze chini.

Zungukia chupa za maji zilizopangwa, taratibu, ukitazama unakokwenda na si chupa yenyewe. Kisha jifunze kusimama haraka: funga mafuta, bana breki zote mbili, ya mbele ukiongeza nguvu pole pole. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kwenye changarawe au tope geuza hesabu, itumie kwa upole sana, na usukani uwe umenyooka. Magurudumu haya madogo hayasamehi breki ya mbele ukiwa umepinda.

Rudia mpaka ufanye bila kufikiri. Wengi wanataka kuingia barabarani jioni ileile. Subiri.

Hatua ya 9: Kupanda

Ingia mlimani ukiwa na mwendo tayari. Skuta hujipangia yenyewe, wewe kazi yako ni kutoachia mafuta katikati. Ikichoka, kaa kushoto, acha wengine wapite.

Kuondoka ukiwa umesimama mlimani: bana breki ya kushoto, fungua mafuta mpaka uhisi inataka kwenda, ndipo uachie breki. Kamwe usiishikilie mlimani kwa mafuta bila breki wakati unasubiri foleni isogee. Klachi inaungua hapo, na harufu yake utaisikia.

Hatua ya 10: Kushuka, na hapa soma mara mbili

Kupanda kutakuchelewesha tu. Kushuka ndiko kunakoumiza watu.

Boda ina gia za kuizuia. Skuta nayo huzuiwa na injini kiasi fulani, lakini kwa sharti: klachi iwe imeshika. Ukianza kushuka kutoka umesimama bila kufungua mafuta, klachi haijashika na skuta inateleza yenyewe, mzigo wote ukibaki kwenye breki. Kwa hiyo mwanzoni mwa mteremko fungua mafuta kidogo mpaka ishike, kisha uyafunge. Utahisi inajizuia. Mwendo ukishuka sana klachi itaachia tena, rudia vilevile.

Breki za ngoma, ambazo skuta nyingi za bei nafuu zinazo nyuma na hata mbele, hupata joto zikibanwa mfululizo, na zikipata joto zinaacha kushika. Kwa hiyo usizibane moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Bana kwa nguvu kupunguza mwendo, achia zipoe, bana tena. Breki ikianza kuwa laini mkononi au ukisikia harufu ya kuungua, simama pembeni mahali salama upumzike. Usiimwagie maji.

Usizime injini mteremkoni kuokoa mafuta. Najua wanaofanya hivyo. Kinachookolewa ni vijiko vichache vya petroli, na unapoteza kile kizuizi kidogo ulichokuwa nacho.

Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi malori yamewahi kupoteza breki, na vifo vimetokea. Ukiupita na skuta, usikae mbele ya lori linaloshuka. Lipishe lipite, hata kwa kusimama nje ya barabara. Kitonga kwa skuta ya 125 na chini ya hapo sikushauri kabisa, si kupanda wala kushuka.

Hatua ya 11: Malori, mvua, ukungu

Kwenye TANZAM, lori linalokupita kwa kasi kwanza hukusukuma, halafu hukuvuta. Usishtuke na usikaze mikono. Legeza viwiko, shikilia mstari wako. Usitembee ukingoni kabisa mwa lami, kwa sababu ukisukumwa gurudumu dogo litashuka kwenye ukingo na kupandisha tena ni kazi. Acha kama hatua moja ya akiba upande wako wa kushoto. Penye njia ya ndani, itumie hata kama ni ndefu kidogo.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili na zaidi kwa watu wa Rungwe ambao hawana msimu wa kukauka wa kueleweka, dakika chache za mwanzo ndizo mbaya: vumbi na oili ya barabarani hugeuka utelezi. Subiri kwenye kibanda. Usipite kwenye maji usiyoyaona chini yake, kwani maji yakiingia kwenye kifuniko cha mkanda, mkanda unateleza na skuta inanguruma bila kwenda.

Ukungu wa Uporoto, kati ya Uyole na Tukuyu, unaweza kukufunika ghafla. Washa taa ya chini. Ile ya juu hurudisha mwanga machoni mwako.

Hatua ya 12: Abiria na mzigo

Abiria mmoja, mwenye kofia, baada ya wewe mwenyewe kuizoea barabara. Mshikaki ni kosa kisheria, na kwa magurudumu haya ni kujitakia. Mwambie abiria ainame pamoja nawe kwenye kona, asijinyooshe. Pandisha upepo wa tairi la nyuma kabla ya kumbeba.

Ubao wa mbele miguuni unabeba vizuri kiroba, ndoo au begi dogo. Viazi vya lumbesa waachie wenye magari. Kitu chochote kinachozuia usukani kukata mpaka mwisho, kiondoe.

Matunzo

Oili ya injini ndiyo ya kwanza. Skuta hubeba chini ya lita moja, kwa hiyo ikipungua kidogo tu imepungua sana. Angalia kila wiki, badilisha kila kilomita 1,500 hivi, na usisubiri kitabu cha Japani kinachosema zaidi ya hapo: milima na vumbi letu haviko kwenye kitabu hicho. Kuna oili nyingine ndogo ya gia kwenye gurudumu la nyuma ambayo mafundi wengi huisahau, mkumbushe. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara kiangazi, hasa kama unapita barabara za vumbi. Mkanda, kwenye kilomita 15,000 ufunguliwe uangaliwe, na usiusukume kupita 20,000. Upepo: mbele mara nyingi ni psi 22 hadi 25, nyuma psi 29 hadi 32, ila fuata kibandiko cha skuta yako.

Ikigoma

Haiwaki asubuhi, swichi inatoa mlio wa "tik" tu: Betri. Piga kiki. Ikiwaka kwa kiki kila mara, betri imezeeka au haichajiwi.

Haiwaki hata kwa kiki: Una mafuta? Swali la kijinga, lakini geji za skuta hudanganya. Kisha toa plagi. Ikiwa imelowa, umeizidishia mafuta: ikaushe, piga kiki mara kadhaa bila plagi, irudishe. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki, angalia bomba la mafuta na kabureta.

Inawaka kisha inazima ikiwa baridi: Choki haifanyi kazi au tundu dogo la kabureta limeziba. Kazi ya fundi, si ya gharama kubwa. Kataa akikuambia ubadilishe kabureta nzima kabla hajaisafisha.

Ilikuwa inapanda, sasa haipandi: Anza na rahisi. Upepo wa matairi, breki inayogusa wakati wote (shika ngoma uone kama ina joto bila sababu), chujio la hewa. Baada ya hapo mkanda na rola zake. Injini ije mwisho.

Injini inanguruma, skuta haiendi: Mkanda umekatika au umelowa. Kama umetoka kupita kwenye maji, simama robo saa kisha ujaribu. Kama hujapita kwenye maji, tafuta gari la kubebea.

Usukani unatikisika ukiachia mafuta: Tairi la mbele, upepo, au beringi za shingo. Usiendelee nayo kwa mwendo mkubwa mpaka fundi aione.

Breki ya nyuma inashuka mpaka kwenye mpini: Kaza nati ya kebo kule kwenye gurudumu. Kwenye ngoma kuna mshale mdogo. Mshale ukifika kwenye alama breki ikiwa imebanwa, hakuna tena cha kukaza, nunua breki mpya siku hiyohiyo kabla hujauona mteremko mwingine.